Boneti Ikifunguka, Mtaa Mzima Fundi

Gari likitoka bandarini likaingia mtaani kwetu Magomeni, aliyelinunua anabaki na kadi na deni. Gari lenyewe linakuwa la mtaa. Na mtaa hauwezi kutoa maoni juu ya gari lililofungwa. Mpaka boneti ifunguliwe, watu wainame, mmoja aguse kitu cha moto aruke, mwingine aseme, "Injini bado mbichi hii," asieleze iliyoiva inakuwaje.

Wiki hii zamu ilikuwa ya Dokta. Tunamwita hivyo kwa sababu ana duka la dawa, na mtaani kwetu mwenye koti jeupe hana cheo kingine. Kanunua Harrier ya mwaka 2005, ile ambayo nchi nzima inaiita Tako la Nyani na watu wanalitaja jina hilo hata mbele ya wakwe bila kuona haya. Nyeusi, imeng'arishwa mpaka unajiona, ina bibie wa Kijapani ndani anayesema neno kila ukiwasha. Kaileta kijiweni jioni, kahawa imeshachemka na drafti imeshaanza kuleta ugomvi.

"Jamani, hiki ni nini?" akauliza, kidole kwenye bonge la chuma cheupe lililochomekwa vibomba vingi vyembamba.

Kuna maswali hayaulizwi kijiweni. Tangu kijiwe chetu kianze, hakuna aliyewahi kusema "sijui" akiwa amekaa pale. Dogo wa bodaboda akawahi: "Pampu ya AC hiyo, bro." Muuza kahawa, birika mkononi, akakataa: hicho ni cha kuzuia wizi, mwizi akiwasha kinakata mafuta. Muuza chipsi akaleta la tatu: Wajapani kwao kuna barafu, basi huo ni mtambo wa kupasha injini joto. Kila mmoja ana uhakika wake. Fundi wetu wa gereji ya chini ya mwembe alikuwa kimya, mikono mfukoni, anasubiri ageukiwe. Alipogeukiwa akatoa hukumu:

"Bosi, hicho huku kwetu hakina kazi. Ukitaka tunakitoa."

Nikasonya, na niliyekaa naye benchi moja akasonya. Maana kauli hiyo tumeisikia sana, na kila ikisemwa kuna mtu baadaye analipa.

Aliyetuokoa ni Mzee, dereva mstaafu aliyeendesha Ikarus za UDA, enzi zile basi linakunja kiuno kwenye kona. Hakutaja jina la kitu. Aliuliza tu: "Hivyo vibomba vinatoka wapi, vinakwenda wapi?" Tukavifuata kwa macho. Viwili vinatoka kwenye masta silinda, pale penye kikopo cha maji ya breki. Vinne vinashuka chini, kila kimoja na njia yake. Gari lina magurudumu mangapi? Manne. Kijiwe kimya.

"Basi hicho ni cha breki," akasema Mzee, akarudi kwenye drafti lake.

Ndiyo ABS yenyewe. Kompyuta inasoma kasi ya kila gurudumu. Moja likitaka kujifunga ghafla barabara ikiwa imelowa, bonge lile linaachia presha na kuibana tena mara nyingi ndani ya sekunde moja, gari lisiteleze na usukani uendelee kukusikiliza. Eti huku kwetu halina kazi kwa kuwa hatuna barafu! Thubutu! Barafu hatuna, lakini tuna mvua za masika, tuna lami iliyomwagikiwa dizeli, na tuna dogo huyuhuyu wa bodaboda anayekatiza bila kugeuza shingo. Na ukitoa kile kidude lazima ufungue mabomba ya breki, hewa iingie, uanze kuitoa upya gurudumu kwa gurudumu. Mtu anakuuzia hatari na anataka umlipe ufundi.

Mzee hakuwa na mtandao wala mashine ya kupimia. Alikuwa na swali moja, na swali hilo linafungua karibu kila kitu chini ya boneti. Kifaa usichokijua jina bado unaweza kukijua kwa kuangalia kinaunga nini na nini. Kibomba chembamba cha chuma kinachokwenda gurudumuni ni cha breki. Bomba nene la mpira linalotoka kwenye rejeta ni la maji. Bomba la aluminiamu lenye vifuniko vidogo vilivyoandikwa H na L ni la AC: H ni upande wa presha kubwa, L wa presha ndogo. Waya nyembamba mbili au tatu zinazoishia kwenye soketi ya plastiki zinakupeleka kwenye sensa au valvu: ya kwanza inaipa kompyuta habari, ya pili inapokea amri. Waya nene nyekundu ni za betri, stata na oltaneta. Na lile pipa jeusi bapa nyuma ya masta silinda ni busta ya breki. Ukitaka kujua kama ni nzima, Mzee alituonyesha: injini imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedeli iwe ngumu, shikilia mguu hapohapo, washa. Pedeli ikizama kidogo, busta inafanya kazi. Isipozama, usiende nalo Kibaha.

Ilipofika hapo Dokta akapata ujasiri. Akauliza boksi jeusi la plastiki, limeunganishwa pembeni mwa bomba la hewa linalotoka kwenye eya klina. Ukiligonga linalia tupu. Fundi akaona nafasi ya pili: "Tupu hilo, bosi. Tulitoe gari lipumue." Ni kweli ni tupu, na utupu ndiyo kazi yake. Hewa inayovutwa na injini ina mlio, na lile boksi limepimwa ukubwa ili liumeze mlio huo. Ukilitoa, gari litakoroma. Nguvu hutaiona, ila majirani watakusikia.

Akauliza kidude kinachogonga tik tik tik injini ikiwa imetulia, kilichomkosesha usingizi. Nacho ni kizima kuliko sisi. Mvuke wa petroli kutoka tangini hauachiwi kwenda hewani. Unakamatwa kwenye kopo lenye mkaa ndani, kisha valvu ndogo inaufungulia kidogo kidogo uingie kwenye injini uungue. Kila inapofungua na kufunga, inagonga. Hiyo ni dalili ya uzima, lakini nenda gereji ukaseme "gari langu linagonga" uone utakavyouziwa vitu.

Sasa mniruhusu nimseme Dokta mwenyewe, maana fundi tumemsema. Mtu huyu ukimpelekea kidonge kisicho na boksi, anakurudisha nacho. Atataka jina la dawa, kipimo, tarehe ya kwisha, na ataivaa miwani kusoma maandishi madogo kuliko sisimizi. Lakini gari la mamilioni kalipokea kwa maneno ya muuzaji, na gari lenyewe limekuja na maandishi yake.

Kwenye Toyota za Japani kuna kibati kilichogongwa kwenye chumba cha injini, mara nyingi kwenye ukuta wa nyuma upande wa kioo. Kinasema aina ya gari, jina la injini na ujazo wake, namba ya chesisi, namba ya rangi, na aina ya giaboksi. Tukakifuta vumbi kwa kitambaa cha muuza chipsi. Injini: 2AZ-FE, sentimita za ujazo 2362. Aina: inaanza na ACU30.

"Yadi waliniambia inavuta magurudumu yote manne," Dokta akasema.

Loh! Harrier ya umbo hilo yenye injini hiyo, ikiandikwa ACU30, inavuta mbele tu. Inayovuta yote manne ni ACU35. Tarakimu moja tu. Ilikuwa pale kwenye kibati siku zote, muuzaji anaongea na mnunuzi anatikisa kichwa, wote wawili wamesimama juu ya jibu.

Na kibati hichohicho kilimwokolea pesa nyingine. Fundi mwingine huko Ilala alishamwambia abadilishe mkanda wa taimingi haraka, gari lisije likafia njiani. Ushauri mzuri sana kwa mwenye Harrier ya V6 ya lita tatu, ile 1MZ-FE, kwa sababu ile ina mkanda, na Wajapani huubadilisha wakikaribia kilomita 100,000. Lakini 2AZ-FE inatumia cheni. Mkanda wa taimingi haina. Angelipia kitu ambacho hakipo, na angerudishiwa gari likiwa lilelile, limeoshwa.

Ukitoka kwenye kibati, nenda kwenye vifaa vyenyewe. Toyota wanaandika namba kwenye vitu vyao: tarakimu tano, kistari, halafu tano nyingine au mchanganyiko wa tarakimu na herufi. Tano za mwanzo zinakuambia jamii ya kitu. Ukikuta 90915 unashika filta ya oili. 90916 huwa ni mikanda ya nje na themostati. 90919 ni ukoo wa plagi, koili za plagi na baadhi ya sensa. Sasa hivi kila mtu ana simu yenye kamera. Piga picha namba, iandike kwenye simu, utaona kitu, kazi yake, na magari yanayokitumia. Halafu ndiyo uende Shaurimoyo. Ukifika dukani na namba, bei inataja kitu. Ukifika ukasema "kile kidude cheusi kinachokaa juu," bei inakutaja wewe.

Nirudi kwenye kauli ya "huku kwetu hakina kazi", kwa sababu kuna kifaa kimeuawa na kauli hiyo nchi nzima. Themostati.

Mwenye bucha wa mtaa wa pili ana RAV4. Ilianza kula petroli, akabadilisha plagi, akasafisha nozeli, akambadilisha na kijana anayeiosha akidhani anaiba mafuta. Mwisho ikagundulika kuwa huko nyuma gari liliwahi kuchemsha, na fundi aliyelishughulikia alitoa themostati akaitupa. Sababu? Eti kile ni cha nchi za baridi, sisi tunaishi kwenye joto.

Sikilizeni. Themostati ni kizibo cha maji chenye akili yake. Injini ikiwa baridi kinafunga, maji yazunguke ndani tu, injini ipate moto upesi. Kwenye Toyota hizi maji yakifika karibu nyuzi 82, kinaanza kufungua yaende rejeta kupozwa. Injini imetengenezwa ifanye kazi ikiwa na joto hilo. Joto la Dar, hata mwezi wa pili, ni nyuzi thelathini na kitu. Kutoka thelathini kufika themanini na mbili ni safari ndefu, uwe Hokkaido au uwe Mbagala.

Ukikitoa, maji yanakimbilia rejeta tangu unapowasha. Sensa ya joto inaiambia kompyuta kwamba injini bado baridi, na kompyuta kwa utiifu wake inaongeza petroli. Oili haipati joto la kutosha kukausha unyevu, inageuka rojo. Na kibaya zaidi, kwenye injini nyingi themostati hiyohiyo ikifunguka ndiyo inayoziba njia ya mkato ya maji. Ikiondolewa, njia ya mkato inabaki wazi, maji mengine yanarudi kwenye injini bila kupita rejeta. Kwa hiyo gari ulilotolea themostati lisichemke, linaweza kuchemka kwa sababu hiyohiyo.

Lakini tumtendee haki fundi wa zamani. Hakuwa mjinga. Alijifunza kazi kwenye Land Rover 109, kwenye Peugeot 504, kwenye Datsun za kabureta. Spea zilikuwa shida, themostati ikikwama imefunga injini inakufa kwenye pori la Mikumi, na gari lenyewe halikuwa na kompyuta ya kudanganywa. Kuitoa kulikuwa na hesabu yake: unapoteza mafuta kidogo, unafika. Akamfundisha mwanafunzi wake, mwanafunzi naye akamfundisha wake. Hesabu ikapotea njiani, kitendo kikabaki. Leo themostati mpya inapatikana Kariakoo kabla hujamaliza kikombe cha kahawa, na bado inatolewa kwa heshima ya pori la Mikumi.

Mkiniona namsema fundi mtadhani kila kilichomo kimo kwa sababu. Hapana, jamani. Hapa fundi wetu alipata pointi zake, na nilizihesabu. Kwenye Harrier ya Dokta kulikuwa na waya nyekundu nne nene zilizotoka kwenye kichwa hasi cha betri, zikatawanyika huku na huko juu ya injini, zina vichwa vya dhahabu bandia. Dogo wa bodaboda akasema ni za kuongeza spidi. Fundi akasema za urembo. Fundi yuko karibu na ukweli. Miaka ya 2000 vijana wa Japani walishikwa na homa ya kuongeza waya za ethi kutoka betri hadi injini na bodi, wakiamini umeme utatulia na gari litakuwa jepesi. Kama waya ya ethi ya kiwandani ni nzima, hizo unaweza kuziacha au kuzitoa, gari halitajua. Kuna na viboksi vya kapasita vinavyofungwa juu ya betri kwa ahadi hizohizo.

Na bibie anayesema kila ukiwasha? Wapo waliosema gari lina jini. Anatoka kwenye kifaa cha kulipia ushuru wa barabara kuu za Japani, mfumo ulioanza kutumika huko mwaka 2001, na anachokumbusha ni kwamba hujaweka kadi. Amekuja mpaka Magomeni anaendelea kudai kadi. Huyo ndiye kweli hana kazi huku kwetu. Fundi umeme amkate waya kwa amani.

Kijana mmoja wa mtaa ana Forester ya tabo. Anazima gari, anatoa ufunguo, anaingia ndani, gari linaendelea kuunguruma lenyewe barazani. Mama mwenye nyumba alishaita watu wasome dua. Kumbe ni taima iliyofungwa na mwenye gari wa kwanza. Tabo inazunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika na inalainishwa na oili ya injini. Ukizima ghafla baada ya mbio ndefu, oili inasimama wakati tabo ingali ya moto, inaungua. Taima inaiachia injini isizimike kabla tabo haijapoa. Gari hilohilo lina kitu mfano wa rejeta kilichokaa juu ya injini, chini ya tundu la boneti, na watu wameshatafuta kifuniko chake waongeze maji. Hakina maji. Ni intakula, inapoza hewa inayotoka kwenye tabo kabla haijaingia kwenye silinda. Maji weka kwenye waipa.

Basi unatofautishaje cha kiwanda na cha ziada? Angalia kilivyofungwa. Cha kiwanda kina breketi yake, bolti yake, namba yake, na waya zake zimepita ndani ya bomba la plastiki pamoja na wenzake. Cha ziada kimefungwa kwa vikamba vya plastiki na utepe mweusi, waya yake imechomolewa kutoka kwenye waya ya kitu kingine. Cha kiwanda kikitaka kutolewa, fundi aeleze kwanza. Cha ziada kikitaka kutolewa, weka tu kumbukumbu kilichomekwa wapi.

Tuje kwenye vikopo, maana hapa makosa hayasubiri. Harrier ya Dokta ina kikopo cha maji ya breki, kikopo cha pawa stelingi, tangi la akiba la rejeta, na tangi la waipa. Vinne, vyote vyeupe, vyote vina vifuniko, na vyote kijana wa kituo cha mafuta yuko tayari kukujazia. Maji ya breki ni ya aina yake, imeandikwa kwenye kifuniko, DOT3 au BF-3. Pawa stelingi ya Toyota hizi inatumia haidroliki ya giaboksi, ile ATF nyekundu. Ukimimina ATF kwenye kikopo cha breki, mipira yote ya ndani inavimba: masta silinda, ABS, magurudumuni. Hapo huongelei kubadilisha maji, unaongelea kubadilisha mfumo. Na rejeta ikiwa ya moto usiguse kifuniko. Kile kifuniko kinabana presha ili maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120. Ukikifungua presha inaondoka, maji yanageuka mvuke usoni mwako.

Na mwenye Harrier ya haibridi, zilizoanza kutoka mwaka huohuo wa 2005, atakuta tangi jingine la kulanti. Hilo ni la inveta, lina mzunguko wake. Atakuta na nyaya nene za rangi ya machungwa. Hapo utani wetu unaishia. Betri yake kubwa ni volti 288, na mfumo unazipandisha mpaka 650. Rangi ile imewekwa ili asiyejua arudishe mkono. Fundi wa chini ya mwembe asiye na glavu za umeme mkubwa na asiyejua pa kuukata, mpe soda, mshukuru, ondoka na gari lako.

Nimeacha masega mpaka sasa kwa sababu hayo yananipandisha presha. Yako kwenye eksozi, ndani ya kopo la chuma, vitundu vingi vidogo vilivyopakwa platinamu, paladiamu na rodiamu. Kazi yake ni kugeuza moshi wenye sumu kuwa hewa isiyodhuru sana. Ni madini ya thamani, na wanunuzi wapo. Sasa nenda na gari lenye taa ya injini inayowaka, uambiwe: "Bosi, masega yameziba, halafu huku kwetu hayana kazi, tunatoboa linapita wazi." Yanaweza kuwa yameziba kweli, yapo yanayoziba. Lakini jiulize kwa nini kitu kisicho na kazi kinatolewa kwa uangalifu hivyo, kinafungwa kwenye mfuko, na mfuko hauonekani tena. Wewe umelipia ufundi, gari linanuka, sensa ya pili ya eksozi inaendelea kuwasha taa, na mtu mwingine kapata hela mbili kwa kazi moja.

Dokta alikuwa anataka kufunga boneti. Muuza kahawa ndiye aliyeona kikadi cha plastiki kimening'inia kwenye waya karibu na betri, maandishi ya Kijapani, namba kwa kalamu. Kadi ya kubadilishia oili. Kilomita: 118,400. Mwaka: 25.

"Ishirini na tano ya nini?" dogo akauliza.

Wajapani wanahesabu pia miaka kwa zama za mfalme wao. Zama za Heisei zilianza mwaka 1989, kwa hiyo unachukua namba unaijumlisha na 1988. Ishirini na tano ni 2013. Zama za sasa, Reiwa, zilianza mwaka 2019, nazo unajumlisha na 2018. Kwa hiyo mwaka 2013 gari hili lilikuwa limeshatembea kilomita 118,400. Sote tukamgeukia Dokta. Dokta akageukia dashibodi. Dashibodi inasema 76,000.

Hakuna aliyecheka, ingawa kijiwe chetu kinacheka msibani. Yadi imeosha injini, imepaka mipira dawa ya kung'arisha, imerudisha namba nyuma, ikasahau kikadi. Wangekijua kazi yake wangekitupa cha kwanza.

Fundi akajitetea kwamba tunamharibia riziki, na mimi namwelewa. Mtaa una mafundi wenye mikono ya ajabu, wengine wamepita VETA, wengine wamefundishwa na grisi. Wala wenye magari hatuwasaidii: tunataka gari litoke leo, bei ya jana, na maelezo hatutaki kusikiliza. Lakini dawa ya hayo ni nyepesi. Kabla kitu hakijatolewa, fundi aseme kinatoka wapi kwenda wapi na bila hicho kitatokea nini. Akishindwa, kibaki. Na kikitolewa, kirudi kwenye buti ya mwenye gari, kiwe kibovu, kiwe kimevunjika, kiwe cheusi kwa oili.

Anayekukabidhi kitu chako mkononi, mwongeze na hela ya chai. Anayekuambia amekitupa, muulize alikitupa kwa kilo shilingi ngapi.